Namna ya kuendesha kikao cha wazazi vijijini Dodoma ili wazazi waongee

Kikao cha wazazi cha Chamwino, Bahi au Chemba unaweza kukisimulia kabla hakijaanza. Meza kuu ina kitambaa. Nyuma yake wamekaa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtendaji wa kijiji, na diwani kama amepatikana. Wazee wako kwenye viti vya mbele, vijana wamesimama pembeni, kina mama wako chini na watoto mgongoni. Inasomwa taarifa: taaluma, nidhamu, utoro, michango. "Kuna swali?" Kimya. "Basi tumekubaliana." Baadaye ofisini walimu wanaambiana kwamba wazazi wa huku hawana mwamko.

Msimamo wangu ni kwamba kimya kile kinatengenezwa. Kinatengenezwa na lugha, na saa, na mpangilio wa kukaa, na hofu ya michango. Vyote hivyo vinapangwa na shule, kwa hiyo shule inaweza kuvibadilisha bila kusubiri mradi wala wafadhili. Nayaandika haya kwa walimu wanaopangiwa kazi huku wakitokea Kagera, Mbeya au Kilimanjaro, na kwa wajumbe wa kamati za shule. Wanaozungumziwa sana humu ni watoto wa Kigogo, Kisandawe, Kiburunge na Kibarbaig, kwa sababu ndio wanaosemwa vibaya kuliko wengine. Mgogo ameshachorwa kuwa ombaomba, Mbarbaig kuwa mtu wa fujo na ng'ombe, Msandawe kuwa mtu wa porini. Mwalimu anafika kituoni akiwa na picha hizo kichwani, na mzazi naye anajua fika kwamba zimo.

Mzazi naye ana kumbukumbu zake, na si za uongo. Wakati wa mkoloni elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, kila moja na fungu lake. Kongwa, baada ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga kuanguka, majengo yake yalitumika kwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipohamishiwa Iringa. Wagogo waliokuwa jirani waliiona kwa nje. Mgawanyo huo ulifutwa kisheria mwaka 1962. Haukupita muda mrefu ikaja Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu wakaitwa mikutanoni kuambiwa wahame wakaishi vijijini. Bibi wa miaka sabini na kitu anayelea wajukuu leo alikuwa binti wakati huo. Kwake, mkutano unaoitishwa na serikali ni mahali pa kupokea agizo, na agizo halijadiliwi. Ukimuuliza "kuna swali?" unamwomba afanye kitu ambacho hajawahi kuona kikifanywa na mtu mwenye akili timamu.

Marekani nako wana habari inayofanana kwa upande mmoja. Mahakama Kuu ilipopiga marufuku shule za ubaguzi mwaka 1954, majimbo mengi ya kusini yalifunga shule za watu weusi, na maelfu ya walimu weusi wakapoteza kazi. Watoto walipelekwa kwenye majengo mazuri zaidi, ila wazazi wao wakampoteza yule mwalimu waliyesali naye kanisa moja na aliyejua nyumba zao. Shule nyingi za kwetu zina pengo hilohilo, japo chanzo ni kingine: madarasa mapya yapo, bati linang'aa, na hakuna hata mwalimu mmoja anayeweza kuongea na bibi kwa Kigogo.

Kwa hiyo tuanze na lugha, maana hapo ndipo panapoharibika zaidi. Kondoa na Chemba ni sehemu adimu Afrika: makundi manne ya lugha yanakutana ndani ya eneo dogo. Kirangi na Kigogo ni za Kibantu, Kiburunge ni ya Kikushi, Kibarbaig ni ya Kiniloti, na Kisandawe, chenye sauti za kidoko, kimesimama peke yake. Mwalimu wa darasa la awali na la kwanza akilijua hili, kazi yake inabadilika. Mtoto wa Kigogo akisikia Kiswahili hukuta ngeli anazozifahamu na maneno mengi yanayokaribiana na ya nyumbani, hivyo huanza akiwa nusu ya safari. Mtoto wa Kisandawe wa Farkwa au Kwa Mtoro huanza mwanzo kabisa: lugha yake haina ngeli za namna yetu, ndiyo maana atasema "kitabu mzuri" kwa muda mrefu. Huyo si mzito wa kuelewa. Yuko mwaka wa kwanza wa lugha ya kigeni, na wakati huohuo anafundishwa kusoma kwa lugha hiyohiyo. Jambo hili liwafikie wazazi wake kwa maneno hayohayo, kwa sababu wengi wao wameshaambiwa kwamba mtoto wao "hana kichwa" na wameamini.

Walimu wengine huogopa kutumia lugha ya nyumbani wakidhani wanavunja sera. Sera inasema Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia shule ya msingi. Kikao cha wazazi si kipindi. Kiendeshe kwa Kigogo kutwa nzima ukitaka, hakuna atakayekuuliza. Ila kusema "Mbukwenyi!" mara moja, watu wakacheka, halafu ukaendelea saa mbili kwa Kiswahili cha ofisini, hapo hujaendesha kikao kwa Kigogo. Umesalimia tu.

Unahitaji mkalimani, na uchaguzi wake una mitego. Usimtumie mwanafunzi: atailainisha taarifa ya utoro wake mwenyewe, na hata akiwa mkweli, unamfanya mtoto amseme baba yake hadharani. Mwenyekiti wa kijiji pia hafai, maana ataongeza yake ya kisiasa na wapinzani wake wataacha kusikiliza. Anayefaa mara nyingi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, katekista, mwalimu wa madrasa, au mama mjasiriamali aliyemaliza kidato cha nne. Kaa naye nusu saa siku moja kabla. Mpe maneno kumi utakayoyatumia na mkubaliane atayasemaje: utoro, tathmini, mtaala, ufaulu, ruzuku, kidato, ushauri nasaha, bweni, rufaa, uandikishaji. Neno lisilo na mwenzake litasemwa kwa maelezo. "Ruzuku", kwa mfano, itakuwa "hela ambayo serikali inaleta shuleni kwa kichwa cha kila mtoto". Siku yenyewe zungumza sentensi mbili, nyamaza, mwache atafsiri. Ukiongea dakika tano naye akatafsiri kwa sekunde kumi, jua sehemu kubwa imebaki kwako. Kila baada ya hoja moja mwombe mzazi mmoja aeleze alivyosikia. Usimwulize "mmeelewa?", maana jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote, Dodoma na kwingineko.

Sasa saa na siku. Saa mbili asubuhi ni saa ya mwalimu. Kuanzia Desemba mvua zikianza hadi Februari watu wanalima na kupalilia, na kuanzia Machi hadi Mei uwele na mtama vinapokomaa, kwelea kwelea wanashuka kwa maelfu na shamba lisilo na mtu wa kuamia ndege linaliwa. Hapo ndipo utoro wa watoto unapopanda, na mzazi hawezi kuacha shamba aje kusikiliza taarifa. Kiangazi cha kuanzia Agosti wafugaji wanahama na mifugo kutafuta maji na malisho. Kipindi kizuri zaidi ni Julai, shule zikifunguliwa: mavuno yako ndani, watu wapo, mioyo imetulia. Cha pili ni Novemba, kabla ya mvua, kwa ajili ya watakaokwenda kidato cha kwanza. Saa tisa alasiri inafaa sehemu nyingi kwa sababu maji ya asubuhi yameshachotwa na ya jioni bado. Epuka siku ya mnada. Mwenye duka na mwenye mbuzi hawatakuja, na kwa vijiji vya kuzunguka Msalato hiyo ina maana uisahau Jumamosi. Kondoa usiitishe Ijumaa mchana.

Mwaliko. Barua aliyopewa mtoto huishia kuwashia moto, na grupu la WhatsApp la darasa lina walimu, wenye maduka na wazazi wanaoishi mjini. Wengi wana kitochi. Ujumbe mmoja wa simu una herufi 160, na unatosha:

"Wazazi darasa la 2: Jumapili hii saa 9 alasiri, chini ya mbuyu wa zahanati. Tutaongelea kusoma tu. Hakuna mchango. Aje anayekaa na mtoto."

Utume kwa mabalozi na wenyeviti wa vitongoji, nao wapite nyumba kwa nyumba. Kila sentensi pale ina kazi. "Darasa la 2" inapunguza umati, kwa sababu shule nzima ikija hakuna kitakachoongeleka. "Mbuyu wa zahanati" inakitoa kikao kwenye uwanja wa shule, ambako wengine walichapwa fimbo wakiwa wanafunzi na hawana hamu napo. "Anayekaa na mtoto" inamleta bibi, kwa kuwa mama wa watoto wengi yuko Dodoma mjini au Dar es Salaam akitafuta maisha, na baba anayekuja kwa heshima ya jina huenda hajui mtoto yuko darasa la ngapi.

Kuhusu "hakuna mchango" niseme kwa ukali kidogo. Ukishaandika hivyo, usije ukaingiza habari ya madawati dakika ya mwisho kwa kuwa "tayari tuko hapa". Tangu Januari 2016 michango ya lazima imeondolewa shule za msingi za umma, ila sare, madaftari na chakula vimebaki kwa mzazi, na mpaka huo wazazi wengi hawajawahi kuelezwa vizuri. Matokeo yake kila wito wa shule unasikika kama wito wa pesa. Ukiwadanganya mara moja, mwaka mzima utaongea na viti.

Chakula kifanyiwe kikao chake, na hesabu yake iwe wazi. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Mtoto akila makande ya gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku, kwa mwaka anahitaji kilo 19.4 za mahindi, yaani karibu debe moja, na maharage kilo 5.8. Sema kwa debe, usiseme kwa shilingi. Tena kubali uwele na mtama. Kwenye vijiji ambako mahindi hayastawi, ukidai mahindi unamlazimisha mtu auze uwele kwa bei ya chini ya Julai ili anunue mahindi, na ndiyo maana orodha ya waliochangia huishia nusu. Kinachovunja mpango huu mara nyingi ni stoo: ufunguo uko kwa mtu mmoja, mahindi hayajawekwa dawa, dumuzi wanayamaliza kufikia Novemba, na wazazi wanahitimisha kwamba walimu wamekula. Funguo ziwe mbili kwenye makufuli mawili, moja kwa mwalimu na moja kwa mama mjumbe wa kamati, na gunia lipimwe mbele ya watu linapoingia na linapotoka.

Turudi chini ya mbuyu. Ondoa meza kuu. Kaeni duara, mkeka kwa mkeka au kiti kwa kiti, mwalimu akiwa sawa na wengine. Watu wakizidi 30 wagawe vikundi vya watu wanane hadi kumi, na kina mama wawe na kikundi chao, kwa sababu mwanamke hatasema neno mbele ya baba mkwe wake, na hilo ni adabu, halina uhusiano na elimu yake. Vijana wa kiume nao wapewe chao. Kikao kisizidi dakika 90.

Taarifa ya taaluma usiisome kwa asilimia. Ifanye kwa punje. Tuseme darasa la pili lina watoto 80. Hesabu punje 80 za mahindi mbele ya watu, mzee mmoja azihesabu kwa sauti, zimwagwe kwenye ungo. Kisha zigawe mafungu manne kulingana na ulivyowapima watoto wiki ile: wanaosoma aya nzima na kuielewa, wanaosoma maneno, wanaotambua herufi tu, na ambao bado hata herufi. Kila fungu mwekee mfano kwenye karatasi kubwa. Mtu asiyejua kusoma ataona kwa macho fungu lipi ni kubwa, na hapo maongezi yataanza yenyewe bila kuombwa. Atatokea wa kuuliza: "Hawa wa mwisho ndio watoro?" Uwe na daftari la mahudhurio mkononi, maana mara nyingi jibu ni hapana, wengine wanahudhuria kila siku na hawajui herufi. Hili linawageukia walimu, na ni haki ligeuke. Mwalimu mkuu akilifunika kwa maneno matamu, punje zile zimepotea bure.

Kuna swali jingine litakalokuja: "Wa kwangu ni punje ipi?" Usilijibu hadharani hata mzazi mwenyewe akisisitiza. Hilo ni la mezani, ana kwa ana, dakika tano kila mzazi. Walimu watatu wakikaa chini ya miti mitatu wanamaliza wazazi 36 kwa saa moja, kwa hiyo darasa la watoto 80 linahitaji zaidi kidogo ya saa mbili, ambazo unaweza kuzigawa kwa siku mbili au kwa vitongoji. Usiniambie haiwezekani, kinachokula muda ni ile hotuba ya ufunguzi.

Kwenye dakika hizo tano, nafasi ya mtoto darasani haisaidii kitu. "Ni wa 61 kati ya 80" ni hukumu, na bibi hana la kufanya nayo. Linganisha na hii: "Bibi, mjukuu wako anazijua herufi zote. Nikimwandikia *ba* anasoma, nikimwandikia *baba* anakwama, hajajua kuunganisha. Kila jioni mwambie akusomee maneno matano ya daftari hili. Hata kama wewe husomi, sikiliza: akisoma kwa kukatakata, mwambie arudie mpaka litoke kwa mkupuo." Bibi ameambiwa mtoto anaweza nini, anakwama wapi, na yeye afanye nini akiwa na macho yasiyosoma. Kisha mwulize yeye: nyumbani mtoto huyu ana umahiri gani? Anayechunga mbuzi arobaini na kujua jioni ni yupi hajarudi anajua kuhesabu na kutambua, na mwalimu wa hisabati anapaswa kulijua hilo kabla hajaandika "dhaifu".

Kwa upande wa walimu kazi hii inaanza kabla ya kikao. Kwenye kikao cha walimu andikeni ubaoni kauli zote zinazosemwa kuhusu wazazi, bila kutaja msemaji: hawajali, wanapenda ngoma, wanapenda ng'ombe kuliko watoto. Kisha kila kauli ibadilishwe kwa jambo lililoonekana na lenye tarehe. "Hawajali" inakuwa "watoto tisa hawakuja Jumanne nne mfululizo." Mkiangalia kalenda, Jumanne ni mnada. Ukiwa na hilo unaweza kwenda kuongea na watu kuhusu nani mwingine apeleke mbuzi mnadani. Ukiwa na "hawajali" huna pa kwenda. Kwa watoto wa wafugaji wanaohama, maongezi yafanyike Julai kabla ya safari: mtoto abaki kwa nani, shule ipi ya njiani itampokea, na barua ya uhamisho iandaliwe mapema. Vivyo hivyo kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji, wa Munguli, wilayani Mkalama mkoani Singida, ambako suala la bweni ndilo linaloamua kila kitu: mzazi aonyeshwe anakolala mtoto, akae naye siku ya kwanza, na aambiwe siku gani anaruhusiwa kuja bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kikao cha Novemba kinaweza kuwa kifupi, ila kisikose jambo moja. Mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe na masomo machache. Wazazi wengi wanajua hili baada ya mtoto kuanza kutoroka. Waambiwe mapema kwamba muhula wa kwanza alama zitashuka hata kwa aliyekuwa akiongoza, na wasimwondoe shule kwa sababu ya ripoti ya Juni. Na wazazi wa mabinti waambiwe wazi kwamba tangu Novemba 2021 utaratibu unaruhusu mwanafunzi aliyekatisha masomo, hata kwa ujauzito, kurudi shuleni. Mimi ningelisema hili kwenye kikundi cha kina mama, na mkalimani awe mwanamke.

Mwisho wa kikao, daftari. Safu tatu zinatosha: tumekubaliana nini, nani atafanya, lini. Ahadi ya shule iandikwe juu ya ahadi za wazazi. Kikao kinachofuata kifunguliwe kwa kusoma ukurasa huo kwa lugha ya pale, na kilichoshindikana kisemwe kimeshindikana kwa sababu gani. Mahudhurio yakishuka kikao cha tatu, kabla ya kumlaumu mtu rudi kwenye safu ya shule uangalie lipi halikutekelezwa. Mara nyingi utakuta ni jambo dogo, kama lile daftari la maneno matano ambalo bibi aliahidiwa na halikufika.